Jinsi ya Kuvisha Fimbo ya Kuvulia Vishikio vya Sponji: Mwongozo Kamili

Anayejitengenezea fimbo ya kuvulia samaki kwa mara ya kwanza hutumia siku nyingi akichagua ufito, yaani mwili mtupu wa fimbo, na pete za kupitishia mshipi, kisha huvichukulia vishikio kuwa kazi ndogo ya kumalizia. Mimi naamini kwamba vishikio vinastahili uangalifu uleule, kwa sababu ndiyo sehemu ya fimbo inayokaa mkononi tangu mshipi unaporushwa hadi samaki anapotolewa majini, na kishikio kinachozunguka au kulegea kwa kawaida hakirekebishiki bila kukatwa na kuondolewa chote. Kasoro nyingi za vishikio vya sponji, iwe ni kupasuka, kujikunja, kuacha mianya au kuganda katikati ya njia, zina chanzo kimoja: tundu la sponji halikulinganishwa na unene wa ufito mahali ambapo kishikio kitakaa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kupima na kutanua tundu, na gundi inafuata baadaye.

Sponji inayotumika kwa kazi hii kwa kawaida ni EVA, nyenzo ya jamii ileile inayotengenezewa soli nyepesi za kandambili. Vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo hainyonyi maji, ni nyepesi, na haimchoshi mvuvi kiganja. Sifa yake kubwa kwa mtengenezaji ni kwamba inanyumbuka: tundu dogo linaweza kupanuka likapita juu ya ufito mnene, kisha likaubana. Hata hivyo, unyumbukaji huo una mpaka. Sponji iliyovutwa kupita kiasi huwa ngumu mkononi, hupungua unene wa ukuta wake, na kwenye kingo zake, mahali inapokuwa dhaifu zaidi, huanza kupasuka, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa ya kupigwa na jua. Sponji iliyokazwa zaidi kiwandani huhifadhi umbo na hukubali kusuguliwa ikawa laini, ilhali ile nyepesi sana huingia kwa urahisi lakini huacha alama za vidole na hubonyea haraka. Kwa fimbo itakayotumika kwa miaka mingi mimi huchagua ile iliyokazwa, hata kama kuivisha kunadai nguvu zaidi.

Kuuelewa ufito kabla ya kuugusa

Ufito, uwe wa nyuzi za kaboni au wa nyuzi za kioo, ni mnene kwenye kitako na huendelea kuwa mwembamba kuelekea nchani. Kutokana na umbo hilo, vishikio huingizwa kwa upande wa ncha na kuteremshwa hadi kwenye kitako, ili ukinzani uongezeke polepole na ule mkubwa kabisa ukutane nao kwenye sentimita chache za mwisho. Kishikio kikiingizwa kwa upande wa kitako, tundu lake litalazimika kupanuka kwa unene wa sehemu nene kuliko zote, kisha kikifika mahali pake hakitakuwa kimebana vya kutosha. Kwa sababu hiyohiyo vishikio huvishwa kabla ya kufunga pete za mshipi, kwa kuwa pete zikishakuwepo njia ya kutoka nchani imezibwa.

Ufito mwingi pia una upande unaopenda kujipinda kuliko pande nyingine, na ni vizuri kuutafuta mapema. Simamisha kitako sakafuni juu ya kitambaa, shika ncha kwa mkono mmoja, tumia kiganja cha mkono mwingine kuupinda ufito katikati, kisha uuzungushe taratibu. Utausikia ukirukia mahali fulani na kutulia hapo. Weka alama kwa kipande cha utepe wa karatasi. Wapo watengenezaji wanaopanga kikalio cha rili (sehemu inayofungiwa rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi) na pete kufuata alama hiyo, na wapo wanaoangalia tu upande ambao ufito umenyooka vizuri zaidi ukitazamwa kwa jicho moja kutoka kitakoni. Njia zote mbili hutoa fimbo nzuri. La muhimu ni kuamua kabla ya gundi kuchanganywa, kwa maana kikalio kikishakauka hakigeuki tena.

Kupanga urefu

Fimbo ya kawaida yenye vishikio vya sponji huwa na sehemu tatu zinazofuatana kutoka kitakoni: kishikio cha nyuma, kikalio cha rili, na kishikio cha mbele. Urefu wa kishikio cha nyuma haupangwi kwa kukisia. Kwa fimbo nyepesi, shika ufito mahali ambapo rili itakaa, ulaze kitako chini ya mkono, kati ya kiganja na kiwiko, na hakikisha kitako kinaishia kwenye kiwiko au kinakipita kidogo tu. Kwa watu wengi umbali huo huwa kati ya sentimita 22 na 28. Kwa fimbo ndefu ya kurushia mshipi kutoka ufukweni, kitako hukaa kwapani na mkono hunyooshwa hadi kwenye rili, na hapo umbali unaweza kuzidi sentimita 60. Kishikio cha mbele hutegemea namna ya kuvua. Anayepambana na samaki wakubwa huhitaji mahali papana pa kushika kwa mkono wa pili, ilhali fimbo nyepesi hutosheka na sentimita 5 hadi 8.

Weka alama za mwanzo na mwisho wa kila sehemu kwa penseli nyeupe au ya rangi ya fedha, ukipima kila mara kutoka kitakoni, na uziandike pia kwenye karatasi. Alama za juu ya ufito zitafunikwa na gundi saa ileile utakapozihitaji, na hapo karatasi ndiyo itakayokuokoa.

Kupima na kuchagua tundu

Chukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, upime kipenyo cha nje cha ufito mahali pa kila alama: mwanzo na mwisho wa kishikio cha nyuma, mwanzo na mwisho wa kikalio, mwanzo na mwisho wa kishikio cha mbele. Tuchukulie mfano wa ufito wenye milimita 15 kitakoni, milimita 13.5 mwisho wa kishikio cha nyuma, na milimita 12.6 hadi 12.2 pale kishikio cha mbele kitakapokaa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba tundu liwe dogo kuliko ufito kwa milimita 1.5 hadi 3, na lisipungue robo tatu ya kipenyo cha ufito. Kwa mfano huu, kishikio cha nyuma kingefaa kuwa na tundu la milimita 12, na cha mbele tundu la milimita 10. Angalia kwamba tundu la milimita 12 kwenye kishikio cha mbele lingekaribia kulingana na ufito wenyewe. Kishikio kingeteleza kwa raha hadi mahali pake, lakini kingebaki kikishikiliwa na gundi peke yake bila sponji kubana, na ukingo wake wa juu ungeacha mwanya ambao maji na mchanga hupenyea.

Kishikio kirefu kinahitaji kufikiriwa zaidi, kwa sababu unene wa ufito hubadilika kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Usichague tundu kwa wastani. Tazama kwanza mwisho wa juu, ulio mwembamba, uhakikishe kwamba sponji itabana pale. Kisha tazama mwisho wa kitako, uhakikishe kwamba haitavutwa kupita kiasi. Masharti hayo mawili yasipotimizwa na tundu moja lililonyooka, dawa ni kulichagua kwa kufuata mwisho wa juu na kulitanua upande wa kitako.

Kutanua tundu

Keekee ya umeme haifai kwa kazi hii. Ncha yake huikamata sponji, huivuta na kuinyofoa vipande, na tundu hutoka kubwa kuliko ulivyokusudia na likiwa limepinda. Tengeneza kifaa cha kutanulia kwa kijiti cha mviringo kilicho chembamba kuliko tundu, au bora zaidi kipande cha ufito mkuukuu unaozidi unene polepole, ukikizungushia ukanda wa msasa namba 60 au 80 kwa mtindo wa mzunguko wa kupanda na kukibandika kwa gundi. Kipande cha ufito mkuukuu kina faida kubwa: umbo lake la kupungua unene hufanana na lile la ufito mpya, na hivyo tundu hupata mteremko unaotakiwa bila hesabu.

Ingiza kifaa kwa upande wa kitako wa kishikio, kizungushe kwa mkono ukikisukuma na kukirudisha, na baada ya mizunguko michache geuza kishikio kidogo ndani ya kiganja ili usisugue upande mmoja kuliko mwingine. Kung'uta vumbi mara kwa mara, kwa kuwa vumbi lililojaa tunduni huufanya msasa uteleze bila kula. Vaa barakoa, maana vumbi la sponji ni jepesi na huelea muda mrefu. Pima mara nyingi, kwani milimita moja iliyoondolewa hairudi. Ukimaliza, tazama kupitia tundu kuelekea dirishani: mduara wa mbali unapaswa kuonekana katikati ya ule wa karibu. Ikiwa haukai katikati, endelea kusugua taratibu upande ulio mnene hadi urudi sawa.

Jaribio bila gundi

Lowesha tundu kwa spiriti kidogo ili sponji iteleze, kisha ingiza kishikio kutoka nchani na ukiteremshe mpaka kibakize takriban sentimita 5 kufika mahali pake. Spiriti hukauka bila kuacha utando, ndiyo sababu naipendelea kuliko sabuni. Mafuta yasitumike kabisa, kwa kuwa masalia yake huizuia gundi kushika. Katika jaribio hili unatafuta mambo mawili. La kwanza ni kwamba kishikio kinasogea kwa nguvu ya mikono ya kawaida. La pili ni kwamba mwisho wake wa juu umeugusa ufito kwa mzunguko mzima. Kikikwama mapema, kitoe ukitanue tena. Usishawishike kusema kwamba gundi itakilainisha mbele ya safari, kwa maana gundi hulainisha kwa dakika chache tu, kisha hunata.

Namna ya kusukuma nayo ina kanuni yake. Sponji husukumwa kutoka nyuma, haivutwi kutoka mbele, kwa sababu ikivutwa hurefuka, hujibana na kuushika ufito kwa nguvu zaidi. Tafuta kibao imara, toboa tundu linalozidi kitako cha ufito kwa milimita 2 au 3, lainisha kingo zake, na ukipitishe kwenye ufito nyuma ya kishikio, yaani upande wa ncha. Kitako kikiwa sakafuni juu ya mpira au kitambaa kizito, shusha kibao kwa mikono miwili kwa usawa. Kibao hukandamiza uso wote wa mwisho wa sponji kwa pamoja, ilhali vidole huusukuma upande mmoja na kuukunja.

Kuandaa ufito na gundi

Sehemu zitakazofunikwa zinapaswa kupoteza mng'ao wake ili gundi ipate pa kushika. Pitisha msasa namba 320 kwa wepesi, ukiishia milimita chache ndani ya alama zako ili mkwaruzo usionekane baadaye, na uache mara tu rangi inapofifia. Msasa haupaswi kufika kwenye nyuzi zenyewe, kwa kuwa nyuzi zilizokatwa ndizo chanzo cha kuvunjika. Futa vumbi kwa spiriti, na kuanzia hapo usiuguse ufito kwa vidole vitupu. Juu ya mahali kishikio kitakapoishia, zungushia utepe wa karatasi ili gundi isichafue ufito ulio wazi.

Gundi ya kazi hii ni epoksi ya sehemu mbili inayokauka polepole, yenye muda wa kufanyia kazi wa dakika 30 au zaidi. Epoksi ya dakika 5 nashauri iachwe kabisa: huganda kishikio kikiwa njiani, na ikikauka huwa haivumilii kupinda kwa fimbo kama ile ya polepole. Changanya sehemu mbili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa zake, koroga kwa dakika mbili nzima ukikwangua pembe za chombo, kisha uimwage kwenye kisahani kipana. Epoksi iliyorundikana ndani ya kikombe hujipasha joto yenyewe na kuganda mapema. Siku ya joto kali muda wa kazi hupungua, kwa hiyo changanya kwa kila kishikio peke yake.

Kuvisha kishikio cha nyuma

Pitisha kishikio kikavu kutoka nchani hadi kiwe sentimita 10 hivi juu ya mahali pake, pamoja na kibao nyuma yake. Paka epoksi kwenye ufito chini ya kishikio, kutoka alama ya juu hadi karibu na kitako, lakini usiipake kwa unene ulio sawa. Weka nyingi upande wa juu na utando mwembamba upande wa kitako, kwa sababu sponji inaposhuka huikwangua gundi na kuisukuma mbele yake. Anayepaka kwa usawa hujikuta na donge kubwa la gundi kitakoni na ufito mkavu juu, na ukavu huo hauonekani kwa nje mpaka siku kishikio kinapoanza kuzunguka. Paka pia kidogo ndani ya tundu.

Shusha kishikio kwa mwendo mmoja usiokatika, ukikizungusha robo mzunguko huku na huku ili gundi ienee pande zote. Usisimame kupumzika. Kikikwama kabla ya kufika, kirudishe juu mara moja, kitoe, futa kila kitu kwa spiriti na uanze upya baada ya kutanua tundu. Dakika chache za kusitasita huligeuza tatizo dogo kuwa kishikio kilichoganda mahali pasipo pake.

Kikishafika, pima urefu wake. Mara nyingi utakuta kimefupika kwa milimita kadhaa, kwa sababu sponji imejikusanya kwa kusukumwa. Ikiachwa hivyo, itajirefusha yenyewe polepole gundi ikiwa bado laini, na kuusukuma ukingo wake kupita alama au kukihamisha kikalio cha rili. Shika mwisho wa kitako kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine pitisha kiganja juu ya sponji kuelekea nchani, ukibana kwa upole na kurudia, mpaka urefu wa awali urudi. Kisha futa gundi iliyotokeza kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kikalio cha rili

Kikalio hakinyumbuki, na tundu lake karibu kila mara ni pana kuliko ufito, kwa hiyo pengo hujazwa kwa pete za utepe wa karatasi au bushi nyepesi zinazouzwa kwa kazi hiyo. Ukitumia utepe, zungusha pete tatu zenye upana wa milimita 6 hadi 8, ukiacha kati yake nafasi pana kuliko pete zenyewe, kwa kuwa gundi inayojaa nafasi hizo ndiyo inayobeba mzigo. Pete ya utepe isifike ukingoni mwa kikalio. Utepe hunyonya maji, na maji yakishaingia huendelea kuozesha kilichomo ndani. Jaza nafasi zote kwa epoksi, teremsha kikalio ukikizungusha, kikutanishe na kishikio cha nyuma, kisha linganisha mstari wake na alama ya upande uliouchagua. Funga rili ndani yake kwa muda mfupi na utazame kutoka kitakoni, kwa sababu mguu wa rili huonyesha mpotoko ambao kikalio kitupu huuficha. Mimi hukiacha kikalio kikauke kabla ya kuendelea, kwani kishikio cha mbele kinapokandamizwa juu yake kinaweza kukigeuza.

Kishikio cha mbele

Hatua ni zilezile, ila hapa sponji inakutana na ukingo mgumu wa kikalio, na muungano huo ndio macho yatakaoutazama kwanza. Aina nyingi za vikalio zina kofia inayoingia kidogo ndani ya kishikio. Ikiwa ni hivyo, chonga nafasi yake kwa msasa uliozungushiwa kijiti kinene, ukijaribu mara kwa mara, mpaka sponji iifunike kofia bila kutuna. Ikiwa kingo zinakutana tu, hakikisha mwisho wa sponji umekatwa kwa pembe ya mraba. Wembe mpya uliozungushwa kufuata ukingo wa utepe wa karatasi hukata vizuri, na kusugua mwisho huo juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao tambarare humalizia. Baada ya kukivisha, irefushe sponji kama ulivyofanya cha nyuma, safari hii ukielekea kwenye kikalio ili mwanya wowote ufungwe, kisha sukuma pete ya kuzibia juu yake ikiwa na gundi kidogo kwa ndani.

Laza fimbo ikiwa imenyooka, mbali na jua, kwa saa 24 kamili katika joto la kawaida la chumba kabla ya kuendelea. Kofia ya kitako hugandishwa mwisho.

Kusawazisha uso

Vishikio vilivyonunuliwa vikiwa na umbo huhitaji kidogo tu: msasa namba 220 kwenye miungano, kisha 400 uliolowa maji, ukizungusha fimbo mkononi. Anayetaka kukipa kishikio umbo lake mwenyewe ni afadhali akikereze kabla ya kukivisha, akiwa amekivalisha kwenye kijiti kilichonyooka na kukizungusha kwenye mashine, akianza na msasa namba 80, kisha 120, 220 na 400. Mguso uwe mwepesi na msasa usitulie mahali pamoja, kwa kuwa joto la msuguano huiyeyusha sponji na kuacha mng'ao usiofutika.

Kubadilisha kishikio cha zamani

Kishikio kilichochakaa hukatwa kwa urefu wake, lakini wembe usifike kwenye ufito. Kata hadi karibu robo tatu ya ukuta wa sponji, ichane iliyobaki kwa vidole, kisha ondoa masalia ya gundi kwa kikwangulio cha mbao au plastiki kigumu na msasa mwepesi. Gundi nyembamba iliyoshika vizuri inaweza kubaki, mradi uso uwe sawa na hesabu ya tundu jipya ifuate kipenyo kipya.

Ugumu huja kwenye kishikio cha mbele cha fimbo ambayo tayari ina pete za mshipi. Kuziondoa zote ndiyo njia safi, ingawa ni ndefu. Njia ya pili ni kukipasua kishikio kipya kwa urefu kwa wembe mpya, kukivisha kwa ubavu, na kuufunga mpasuko kwa gundi ya mpira ya kugusanisha, ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa inyauke kabla ya kukutanishwa. Kwa njia hiyo tundu lazima lilingane na ufito kwa karibu sana, pasipo zile milimita 1.5 za kubana, kwa kuwa mpasuko uliovutwa utafunguka. Uelekeze upande wa chini wa fimbo, uufunge kwa utepe mpaka ukauke, kisha upitishie msasa namba 400 uliolowa maji hadi mstari usisikike kwa kidole.